Aambiwe Kabla Hajakatwa Titi

Kwetu Lamu mwanamke akishakatwa titi kwa saratani, huliwazwa kwa maneno yale yale: shukuru Mungu una uhai, na buibui linasitiri, nani atakayeona? Wasemao hivyo wana nia njema. Lakini ataona mwenyewe, akioga, akijifunga kanga, akiwa na mumewe. Mimi linaniuma kwamba mama zetu huingia chumba cha upasuaji bila ya kuambiwa kuwa titi laweza kujengwa upya kwa nyama ya mwili wao wenyewe.

Na si jambo la jana. Mwaka 1906 daktari wa Italia, Iginio Tansini, alieleza namna ya kutumia msuli mpana wa mgongo: huchukuliwa pamoja na ngozi yake, mishipa ya damu ikaachwa imeshikana, ukapitishwa kwapani hadi kifuani. Mwaka 1982 Carl Hartrampf wa Marekani na wenzake wakaeleza njia ya kupandisha msuli na mafuta ya chini ya kitovu.

Kila njia ina gharama yake mwilini, na hapa ndipo wagonjwa wetu waulize sana. Msuli wa mgongo ukihamishwa, bega laweza kupungua nguvu. Ukitolewa wa tumbo, tumbo laweza kulegea, hata kutoka ngiri. Kwa mama anayekuna nazi kila siku, anayebeba ndoo za maji na mtoto mgongoni, hayo si mambo madogo. Ziko njia za kuchukua ngozi na mafuta ya tumbo na kuuacha msuli, ila zinataka daktari bingwa wa kuunga mishipa midogo kwa darubini.

Ipo pia njia ya mafuta matupu. Hufyonzwa pajani au tumboni, yakasafishwa, yakadungwa kifuani kidogo kidogo. Sehemu yake hunyonywa na mwili, kwa hiyo huenda ikabidi kurudia. Kwa mtu wa kisiwani, kurudia ni boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, mahali pa kulala, na wa kumwachia watoto. Ayajue hayo mapema.

Mapema, kwa sababu mionzi ya kutibu saratani hukaza ngozi, na daktari akijua nia ya mgonjwa aweza kupanga ngozi ipi ibakizwe na ujenzi ungoje lini. Waliokatwa zamani nao hawajafungiwa mlango. Hata baada ya miaka huwezekana. Ila hisia za titi hazirudi zote, na mwenye sukari au mvuta sigara hupona kwa shida zaidi.

Wapo wasemao ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Nawakumbusha Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani. Aliweka pua ya fedha ikamletea uvundo, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, nayo dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kuziba pengo lililoachwa na maradhi si kiburi.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 1998: bima inayolipia kukatwa titi ilipie na kulijenga, na kulisawazisha la pili, na hata titi la bandia la kuvaa kwa asiyetaka kisu tena. Wabunge wetu wa Pwani waanze na hilo la mwisho, maana leo wengi wanashindilia vitambaa ndani ya sidiria.