Kazi moja, madirisha matatu

Juzi nilisahihisha sura nzima ya tafsiri ndani ya faili lisilo lenyewe. Kazi ya muda wa saa mbili na nusu. Usiku kompyuta ilikuwa imejizima na kujiwasha ili kupokea masasisho, na asubuhi nikakuta skrini tupu. Nikaanza kufungua kila kitu upya: matini chanzi (maandishi ninayoyatafsiri) kushoto, tafsiri kulia, orodha ya istilahi chini yake. Kwenye tafsiri ndipo nilipokosea. Katika mafaili ya karibuni kulikuwa na "sura4_mwisho" na "sura4_mwisho_b". Nikabofya la kwanza, nalo lilikuwa nakala ya wiki iliyopita. Kurasa zote nyeupe, herufi zile zile, aya ya kwanza ile ile. Nilishtuka nilipofika kwenye sentensi ambayo nilikumbuka kabisa kwamba nilishaifuta.

Najua nitaambiwa niyape mafaili yangu majina yanayoeleweka. Ni kweli, na nimeshayabadilisha. Ila kosa lilianza kabla ya majina. Lilianza pale programu iliposahau kwamba mafaili yale matatu yalikuwa wazi pamoja, kwa kazi moja, siku kumi na moja mfululizo.

Programu za kuandikia zinauona waraka mmoja mmoja. Fungua nyaraka tano, nazo zitaona mmoja, mara tano. Lakini nani anafanya kazi hivyo? Wakili analinganisha rasimu mbili za mkataba. Mwanafunzi ana tasnifu huku na maoni ya msimamizi kule. Karani anatoa aya kwenye ripoti ya mwaka jana na kuzipeleka kwenye ya mwaka huu. Mimi bila matini chanzi pembeni siwezi kuandika hata mstari. Nyaraka hizi zinategemeana, na aliye mbele ya skrini anajua zinavyotegemeana. Programu ndiyo haijui, na kila zinapofungwa inatuachia sisi kukumbuka.

Zamani angalau ulijua uko wapi. WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia ya mwaka 1989, ilikuruhusu kufungua nyaraka mbili tu. Ulibonyeza Shift na F3 kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine, na chini ya skrini, upande wa kulia, iliandikwa muda wote kama uko kwenye wa 1 au wa 2. Baadaye Windows ikaleta mtindo wa dirisha kubwa lenye madirisha madogo ndani yake, na Word 97 ilikuwa hivyo. Ukilishusha dirisha mama, watoto wote wanashuka nalo. Ukilipandisha, wanarudi walivyokuwa wamekaa. Word 2000 ikauacha mtindo huo, kila waraka ukapata dirisha lake na kitufe chake kwenye ukanda wa chini.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mabadiliko yale yalikuwa na faida. Mwenye skrini mbili alikuwa anateseka kulitandaza dirisha mama huku na huku, na wapo waliokuwa wakifunga dirisha zima wakidhani wanafunga waraka mmoja. Sawa. Lakini dirisha mama lilipoondoka, udugu wa nyaraka uliondoka nalo, na hakuna kilichowekwa mahali pake.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilishapatikana. Excel, programu ya majedwali, ilibaki na dirisha kubwa moja hadi toleo la 2010, na ilikuwa na amri ya kuhifadhi eneo la kazi. Ulipanga majedwali yako unavyotaka, ukatoa amri, nayo ikaandika faili dogo lenye mwisho wa .xlw. Humo mlikuwa na kumbukumbu ya mafaili gani yalikuwa wazi, na kila dirisha lilikuwa na ukubwa gani, limekaa wapi. Kesho yake unafungua faili hilo moja tu, meza yako inarudi kama ulivyoiacha. Toleo la 2013 lilipohamia kwenye madirisha yanayojitegemea, amri hiyo ikaondolewa. Wakati madirisha yanatawanywa ndipo ilipohitajika kuliko wakati wowote.

Na hakuna anayeweza kusema ni jambo gumu. Vivinjari vinakurudishia kurasa zote ulizokuwa umefungua jana. Wanaoandika msimbo wa programu wanafungua mradi, na mafaili yote yanatokea yenyewe. Mfumo wa Mac unajua kurudisha madirisha ya programu tangu toleo la Lion, mwaka 2011. Hata Word, kuanzia toleo la 2013, ukifungua waraka inakukumbusha ukurasa ulioishia. Inakumbuka kila waraka ulipoishia, na bado haikumbuki ulikuwa wazi pamoja na upi.

Vichupo (tabs) kama vya kivinjari havitoshi: kimoja kinamficha mwenzake, na mimi nahitaji kuona vyote kwa pamoja.

Kuna kitu kimoja lazima nikisifu. Tangu mwaka 2003 Word inaweza kuweka nyaraka mbili ubavu kwa ubavu na kuzisogeza pamoja. Kwa rasimu mbili za maandishi yale yale inafaa sana. Kwa tafsiri inabidi uihangaikie, maana tafsiri haina urefu sawa na matini chanzi, na baada ya kurasa tatu aya zinapishana. Unazima usogezaji wa pamoja, unazilinganisha upya, unauwasha tena. Nafanya hivyo kila siku, na nashukuru kwamba upo.

Ninachotaka mimi ni kuipa kazi jina. Niandike "riwaya, sura ya 4", nibofye, mafaili matatu yafunguke, kila moja mahali pake, kwenye ukurasa wake, na ukubwa wa herufi nilioupenda. La rejea lifunguke kwa kusoma tu, ili vidole vyangu visiweze kuligusa. Nikifunga kazi, yafungwe yote pamoja. Na tafadhali, ninapohifadhi waraka mmoja, niweze kwenda kunakili jina kwenye mwingine. Kwenye programu ninayotumia, kisanduku cha kuhifadhi kikiwa wazi, nyaraka nyingine zote hazigusiki.

Kwa sasa nimeipaka nakala ya zamani rangi ya ukurasa, njano hafifu. Nikiiona njano hiyo upande wa kulia, najua mikono iko pasipo pake. Masahihisho yale ya saa mbili na nusu bado nayahamisha, moja moja, kutoka dirisha la njano kwenda jeupe. Nimefika ukurasa wa 52.