Uvimbe wa shina la ubongo: je, umri mkubwa unamsaidia mtoto?

Mwaka 2018 rejesta za kimataifa za DIPG, uvimbe unaosambaa ndani ya shina la ubongo, zilitoa takwimu za watoto zaidi ya 1,000. Nusu yao walifariki ndani ya miezi 11 hivi. Waliofikisha miaka 2 walikuwa takribani mmoja kati ya kumi, na hapo walionekana zaidi wenye chini ya miaka 3 au zaidi ya 10, waliokaa na dalili muda mrefu kabla ya kugunduliwa, na waliopewa dawa za saratani mwanzoni.

Mzazi wa kijana wa miaka 13 ana haki ya kushikilia matokeo hayo. Watoto walitoka nchi nyingi, na kwa ugonjwa adimu kama huu hakuna hospitali moja inayoweza kukusanya idadi hiyo.

Lakini kuambatana na uhai si kuuleta. Dalili zilizochukua miezi mingi huenda ni ishara tu ya uvimbe unaokua polepole. Suala la dawa linanitia shaka zaidi: mtoto aliyezidiwa mapema huenda asifike hata kwenye dozi ya kwanza, na majaribio ya miongo kadhaa ya kuongeza dawa juu ya mionzi hayajaleta tiba.

Umri ndio fumbo lenyewe. Ingekuwa rahisi kusema jeni ndizo zinazoamua, kwani wenye uvimbe wenye mabadiliko ya jeni ya aina iitwayo H3.1 huishi muda mrefu kidogo kuliko wenye aina nyingine, H3.3. Ila H3.1 huonekana zaidi kwa watoto wadogo, hivyo haielezi nafuu ya waliovuka miaka 10. Ndiyo maana naona hoja ya kuchukua kinyama cha uvimbe ili kupima jeni zake, jambo lililoogopwa kwa miaka mingi, ina uzito kwa kijana mkubwa, mradi pawepo daktari wa upasuaji mwenye uzoefu.

Na pasipokuwapo? Mionzi bado ndiyo tiba yenye uhakika wa kuongeza miezi. Watafiti wa Cairo walionyesha kwamba gray (kipimo cha dozi ya mionzi) 39 kwa vipindi 13 hazikuachwa nyuma sana na gray 54 kwa vipindi 30. Kwa familia inayosafiri mbali kufuata mashine, tofauti ya vipindi 17 ina maana kubwa kuliko mjadala wote wa umri.