Kipimo cha DVD ya harusi ni deki ya sebuleni, si kompyuta ya studio

Mpiga video aliyekukabidhi DVD ya harusi bila kuijaribu kwenye deki ya kawaida hakumaliza kazi uliyomlipa. Najua kauli hii itawaudhi wenzangu wa fani ya video, lakini naisimamia. Diski nyingi ninazoletewa nizifufue hazikuharibiwa na watoto wala na deki ya bei nafuu. Zilitoka studio zikiwa na kasoro, na kasoro hiyo ilijificha kwa sababu aliyezitengeneza alizikagua kwenye kompyuta ileile iliyozichoma.

Kompyuta ni hakimu mpole mno. Ukiiwekea diski yenye faili lolote, programu kama VLC italisoma, hata kama faili limevunja kanuni zote za DVD. Deki ya sebuleni haina upole huo. Ilitengenezwa isome muundo mmoja uliopangwa katikati ya miaka ya 1990: folda ya VIDEO_TS, ndani yake mafaili ya VOB yenye picha na sauti, mafaili ya IFO yanayoielekeza deki ianzie wapi na kitufe gani cha menyu kiende wapi, na nakala za IFO zinazoitwa BUP. Picha iwe imebanwa kwa njia ya MPEG-2, yenye ukubwa wa nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde kwa nchi zetu zinazotumia PAL, mfumo wetu wa televisheni. Sauti iwe ya kilohezi 48. Kasi ya picha isizidi megabiti 9.8 kwa sekunde.

Sasa anakuja kijana mwenye kipaji kikubwa cha kuhariri, anatoa kazi yake kama MP4, analiburuta faili kwenye diski tupu na kubonyeza kuchoma. Alichopata ni diski ya data. Kompyuta itaicheza, na laptopu ya rafiki yake itaicheza. Deki ya mama mzazi wa bwana harusi, iliyonunuliwa mwaka 2005, haina habari na MP4. Deki zenye alama ya DivX zitacheza AVI za aina fulani, lakini picha iliyobanwa kwa njia ya H.264, iliyomo kwenye MP4 nyingi, ni kitu zisichokijua kabisa. Hapo familia inaambiwa deki yao imechoka. Haijachoka.

Kuna lalamiko moja nimelisikia sana kiasi kwamba sasa nalitambua kabla mtu hajalimaliza: "Fundi, inacheza vizuri mpaka kwenye keki, halafu inaganda." Kwa nini kwenye keki? Geuza diski, tazama upande unaong'aa chini ya taa. Utaona sehemu iliyochomwa ina rangi tofauti kidogo na sehemu isiyoguswa, na kati yake kuna duara, mahali kazi ya leza ilipoishia. DVD husomwa kuanzia ndani kwenda ukingoni. Kanisani au msikitini pako karibu na tundu la katikati; ukumbini, keki, zawadi na dansi viko ukingoni. Na ukingoni ndiko shida zote hukutana: ndiko uchomaji hulegea kwenye diski duni, ndiko diski iliyopinda huyumba zaidi, ndiko alama za vidole hujaa kwa sababu watu hushika hapo.

Halafu kuna ile stika. Studio nyingi zilipenda kubandika karatasi ya duara yenye picha ya maharusi juu ya diski, na kwa kweli ilipendeza. Lakini karatasi ikikaa pembeni kidogo tu, diski inapoteza mizani inapozunguka. Kwenye joto na unyevu wa pwani, gundi nayo inavuta upande mmoja, diski inapinda taratibu mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza ilicheza yote. Mwaka wa saba inaganda kwenye keki. Kama ulikuwa na mashine ya kuchapa moja kwa moja juu ya diski, au kalamu laini ya wino usio na kemikali kali, hukuwa na sababu ya kubandika karatasi.

Kosa jingine ni tamaa ya kubana kila kitu kwenye diski moja. Diski ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Ukiweka saa mbili za video, unabaki na takribani megabiti 5 kwa sekunde kwa picha na sauti pamoja, na hapo picha bado ni nzuri. Ukiweka saa tatu, sendofu, ibada na ukumbi, unashuka hadi karibu 3.5, na taa za disko zikianza kuwaka ukumbini, picha inageuka vibox vibox. Kuna pia anayeacha sauti bila kuibana, ikala megabiti 1.5 peke yake, wakati sauti iliyobanwa kwa njia ya AC-3, ya kilobiti 192 au 224, ingetosha hotuba na muziki. Mwingine anafanya kinyume: video ni ya nusu saa, anaipandisha mpaka ukomo wa 9.8, deki ya zamani inashindwa kufuata na kuanza kukatakata. Ushauri wangu ni wastani wa 5 au 6, kilele kisizidi 8, na harusi ndefu iwe kwenye diski mbili. Hakuna mzazi atakayelalamika kupewa diski mbili.

Kasoro ninayoiona kuwa ya kusikitisha kuliko zote ni mpangilio wa fildi, kwa sababu huharibu picha zilizopigwa kwa ustadi. Kamera za mini-DV, zile za mkanda mdogo, zilirekodi kila fremu katika fildi mbili, yaani nusu mbili za mistari ya picha zinazopishana, ya chini ikitangulia. Programu ya kutengeneza DVD ikiambiwa kwamba ya juu ndiyo inayotangulia, kila kinachosogea kwenye televisheni ya kioo cha zamani kitatikisika mbele na nyuma. Bibi harusi akisimama tuli, picha ni safi. Akianza kutembea kuelekea jukwaani, shela lote linatetemeka. Kwenye kompyuta hutaliona kosa hilo waziwazi, kwa sababu kompyuta hukusanya fildi zote mbili na kuzionyesha kwa pamoja. Anayehariri angeiona kwa dakika moja kama angekuwa na televisheni pembeni ya meza yake.

Upande wa diski zenyewe, mabishano ya -R na +R, aina mbili za diski za kuchomwa mara moja tu, yamezungumzwa mno. DVD-R ilitangulia, mwaka 1997, na +R ikaja mwaka 2002. Deki zilizotengenezwa baada ya hapo husoma zote mbili bila taabu. Kwa deki kongwe, mimi humpa mtu -R. Ninachokipinga kwa nguvu ni kumkabidhi mteja RW, diski inayofutika na kuandikwa upya. Diski ya filamu ya dukani yenye tabaka moja hurudisha asilimia 45 hadi 85 ya mwanga wa leza. RW hurudisha kati ya 18 na 30. Deki kongwe inapokutana na mwanga hafifu hivyo, ama inadhani ni diski ya tabaka mbili, ama inadhani hakuna diski. RW ni ya majaribio ya studio, ibaki huko.

Na kasi ya kuchoma? Mafundi wengi wanaamini kwamba ukichoma polepole kabisa ndipo inatoka safi. Hilo lilikuwa na maana kwa diski za mwanzo. Diski iliyotengenezwa kwa 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi, imewekewa rangi inayoitikia leza ya kasi, na kuilazimisha 2x kunaweza hata kuiharibu. Kwa diski hizo 8x ni kasi nzuri: dakika nane hadi kumi, kisha acha programu ihakiki ilichoandika. Hatua hiyo ya kuhakiki ndiyo watu huiruka wakiwa na diski hamsini za kuwapa wanakamati.

Kwa wale ambao bado wanatengeneza DVD, maana wapo, na wazee wengi bado wanaitaka, njia ya kupata kosa ni kutenganisha kazi. Usiiruhusu programu ya menyu ichome moja kwa moja. Iambie itoe folda ya VIDEO_TS au faili la ISO, yaani faili moja lenye diski nzima, kwenye kompyuta kwanza. Cheza folda hiyo: bonyeza kila kitufe cha menyu, ruka kila sura, sikiliza kama sauti imeachana na midomo mwishoni. Kama kosa lipo hapo, liko kwenye utengenezaji, na kuchoma diski nyingine kumi hakutalitibu. Kama folda ni safi lakini diski inagoma, basi shida ni diski, raita au kasi. Nimeona watu wakimaliza boksi zima la diski wakipambana na kosa lililokuwa kwenye faili la sauti la kilohezi 44.1 badala ya 48.

Programu zenyewe zimezeeka. Adobe Encore iliishia kwenye CS6 ya mwaka 2012. Ile ya Windows iliyokuja na Vista na Windows 7 iliondolewa kwenye Windows 8. Lakini DVDStyler ni ya bure na inatosha kabisa kwa menyu ya harusi, na ImgBurn, ambayo toleo lake la mwisho ni la mwaka 2013, bado inachoma ISO kwa uaminifu. Mimi nikianza kutafuta kosa, naanza na majina ya mafaili: hakuna nafasi, hakuna ritifaa, hakuna alama za ajabu. Kama ukoo ni wa Ng'wandu, faili liitwe ngwandu.

Suala la ndugu walio nje nalo linaeleweka vibaya. Mtu akituma DVD Marekani ikagoma, anaambiwa ni mambo ya kanda (region), ule mgawanyo wa dunia kwa ajili ya diski za filamu, kwamba sisi ni kanda ya 5 na wao ni ya 1. Diski ya nyumbani kwa kawaida haiwekewi kanda yoyote. Kinachogomesha ni PAL: deki nyingi za Marekani zinajua NTSC tu, mfumo wa televisheni wa kwao, wa 720 kwa 480. Diski hiyohiyo ukiipeleka Muscat au London itacheza, kwa sababu huko nako PAL ilitawala. Kwa hiyo kama shangazi yuko Minnesota, studio inatakiwa kumtengenezea nakala ya NTSC, au siku hizi kumtumia faili lenyewe.

Diski zilizorekodiwa kwa mashine za mezani, zile tulizozitumia kuhamishia mikanda ya VHS, zina ugonjwa wao: hazikufungwa (finalize). Diski isiyofungwa ni kama kitabu kisicho na ukurasa wa yaliyomo. Mashine iliyoirekodi inakumbuka mambo yako wapi, deki nyingine haina pa kuanzia. Ukiwa nayo bado mashine ile, irudishe diski humo, ingia kwenye menyu, chagua kuifunga, na usiiguse mpaka imalize. Mashine ikiwa imekufa, programu kama IsoBuster inaweza kuchimba video kutoka kwenye diski isiyofungwa, mradi tu draivu ya kompyuta inaitambua.

Kwa diski inayoganda, naomba sana, usianze na dawa ya meno. Ile ni msasa. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Kisha ijaribu kwenye draivu tofauti tofauti, kwa sababu draivu moja inaweza kushindwa pale nyingine inapopita. Tumia ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo husoma kwanza sehemu zote nzima, halafu inarudi kwenye sehemu mbovu mara kwa mara na kuweka kumbukumbu ya ilikofika, hata ukiihamishia diski kwenye draivu nyingine katikati ya kazi. Stika usiibandue, data ya DVD imekaa katikati ya vipande viwili vya plastiki vya nusu milimita na kidogo, kwa hiyo haitang'oka na karatasi kama kwenye CD, lakini kuvuta kwa nguvu kunaipinda au kuitenganisha.

Ukishaipata video, hifadhi ISO nzima kama ilivyo, kwenye diski kuu (hard disk) mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. MP4 ya kutuma kwenye kundi la familia la WhatsApp ni nakala ya pili, si mbadala. Wengi huhifadhi ile ndogo wakafuta kubwa, na hakuna namna ya kurudisha kilichobanwa.

Kuhusu kurudi studio kuomba mkanda wa awali, jaribu, ila ujue studio nyingi zilirekodi harusi nyingine juu ya mikanda ileile ya mini-DV, na nyingine zimeshafunga milango. Rangi iliyomo ndani ya diski ni kemikali inayochoka kwa mwanga na joto, na draivu za DVD hazimo tena kwenye laptopu mpya. Toa diski zako zote kabatini wiki hii. Anza na zenye stika, fuata RW, kisha zile zilizowahi kukaa kwenye dashibodi ya gari. Zilizochapwa juu na kutunzwa kwenye kava gumu zinaweza kusubiri zamu yao.