Ukija Dar sikukuu, nenda Posta

Kila Desemba ni yale yale, ndugu wanatoka mikoani wanakuja Dar kula Krismasi, wanashuka stendi ya Mbezi na mabegi na ndoo za samaki, wanapokelewa vizuri kabisa, halafu wiki nzima wanakaa sebuleni wanaangalia tv, siku moja wanapelekwa Coco Beach kula mihogo, basi wanapanda basi wanarudi. Mi nasema hapana jamani. Mgeni wa sikukuu apelekwe Posta, pale mjini kati, na apelekwe sikukuu yenyewe asubuhi, sio siku ya kazi.

Siku ya kazi mjini kati hapatazamiki, unapishana na magari, bodaboda, meza za wamachinga, macho yote yako chini usije ukagongwa. Lakini Krismasi ikifika Wachaga wameshapanda Moshi, Wahaya wako Bukoba, ofisi zimefungwa, foleni hakuna, yaani barabara ya Samora unavuka unatembea taratibu kama uko uani kwenu.

Sisi tunatoka Mwanza na tunafikia kwa dada Kimara kwa hiyo usafiri sio shida, mwendokasi ya Kivukoni inakushusha Posta ya Zamani. Tulienda tarehe 26, tukatoka saa moja asubuhi maana joto la Dar mwezi huo mnalijua, ikifika saa nne huwezi tena. Nilikuwa na wapwa zangu pamoja na babu yao, baba mkwe wa dada, mzee ambaye ujana wake wote aliumalizia bandarini.

Pale karibu na kituo kuna Boma la Kale, kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa kuchonga wa Kizanzibari. Sultani Majid alilijenga kama 1866 na 1867, wakati anataka kuuinua mji hapa palipokuwa na kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kabla mji haujasimama sawasawa. Mbele kidogo kanisa la Mtakatifu Joseph, lilijengwa enzi za Wajerumani kati ya 1897 na 1902, halafu kanisa la Kilutheri la Azania Front na mnara wake na vigae vyekundu. Maelfu wanapita hapo kila asubuhi wamebanana kwenye basi, hata dada yangu anapita hapo kila siku akienda kazini na hajawahi kushuka akaangalia.

Tukapanda mpaka sanamu ya Askari. Ile iko katikati ya mzunguko wa magari, siku nyingine huwezi kusimama hata dakika, lakini siku hiyo wapwa walizunguka wakasoma maandishi yote manne ubavuni, tena kuna ya Kiswahili. Mkubwa akauliza, anko, wapagazi ndo nani? Ikabidi nieleze kwamba Vita ya Kwanza huku kwetu ilibebwa mabegani, risasi, chakula, kila kitu, na wabebaji walikufa wengi sana kwa njaa na magonjwa, kuliko hata waliopigwa risasi. Sanamu hii imewekwa 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann, yule aliyeivunja vita ya Abushiri, ya watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, Waingereza wakaing'oa walipouchukua mji 1916. Shuleni hayo wameyasoma lakini pale chini ya ile bunduki walisikiliza kweli.

Sasa kitu kilichonigusa zaidi ni mzee. Nyumbani huwa anasalimiwa shikamoo, anapewa chai, watoto wanarudi kwenye simu zao. Tulipofika baharini upande wa Kivukoni akasimama, akaanza tu kuongea bila kuulizwa, jinsi walivyokuwa wanapakia mkonge na korosho kabla makontena hayajajaa kila mahali, jinsi meli zilivyokuwa zinasubiri nje kwa foleni, siku ya mshahara walikuwa wanakula wapi, nani alianguka kwenye ngazi akaumia asirudi tena kazini. Aliongea zaidi ya saa nzima, tumekaa kwenye kivuli cha mti na madafu. Jioni nikamwambia shemeji, akashangaa, baba yake mzazi na hadithi nyingine hajawahi kuzisikia. Mzee sebuleni haulizwi kitu, lakini mpeleke alikofanyia kazi uone.

Ndo maana nakasirika nikisikia mtu anasema Posta kuna nini cha kuona, majengo tu. Hayo majengo yanaondoka! Kisutu na mitaa ya jirani nyumba nyingi za zamani zimeshavunjwa, zile zenye vibaraza na mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya mlango, pamepandishwa ghorofa za vioo. Mimi sipingi ghorofa, watu wanahitaji ofisi na pa kuishi, ila mtoto wa Dar awe amekiona hicho kitu kwa macho yake kabla hakijawa kifusi.

Kama nguvu ipo malizieni Makumbusho ya Taifa pale jirani na bustani ya mimea, ila ulizia kwanza kama wamefungua sikukuu. Pale kuna habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliloliona Mary Leakey kule Olduvai 1959, na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, wapwa zangu walikataa kuondoka kwenye magari. Nendeni na maji kwa sababu migahawa mingi inafunga, samaki mtapata soko la Feri. Na simu zenu msizielekeze Ikulu kupiga picha, hairuhusiwi. Coco nendeni jioni, sijakataza, ila watoto muwashike mkono maana sikukuu pale wanapotea sana.

Pasaka dada na familia wanakuja kwetu Mwanza na mzee nimeshamuomba aje. Ratiba yao ninayo tayari, Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, kisiwa cha Saanane, na daraja la Kigongo–Busisi lile la kilomita tatu juu ya ziwa lililofunguliwa 2025. Bujora lazima baba yangu awepo, kuna ngoma za zamani pale anazijua vizuri kuliko mimi, na nataka wale wazee wawili wakae pamoja waongee watoto wakiwa wanasikia.