Katapila la Miaka 50: Anayelipia Uzee Wake ni Nani?

Kwenye machimbo ya kokoto, kwenye malambo ya wafugaji na kwenye barabara za moramu, bado utazikuta loda za cheni, yaani mitambo ya kuchota na kupakia inayotembea kwa cheni za chuma badala ya matairi, kama Caterpillar 955L na 977L, au Komatsu D75S, zikiwa kazini. Ni mitambo ya enzi za miaka ya 1970. Wapo wanaosema ipelekwe ikauzwe kwa kilo. Wapo wanaoapa kwamba hakuna mtambo wa leo unaoifikia. Mimi niko upande wa kuitunza, ila kwa sharti ambalo wamiliki wengi hulikwepa.

Hoja ya watetezi ina uzito. Loda ya cheni moja inakwangua udongo wa juu, inachimba, inabeba, inapakia lori, kisha inarudi kusawazisha. Mkandarasi mdogo anayechimba lambo la ng'ombe hahitaji kukodi ekskaveta, buldoza na loda ya matairi, wala kulipia lobedi (lori la kubebea mitambo) mara tatu. Kwenye tope ambalo matairi yanazama, cheni zinapita.

Halafu kuna matengenezo. 955L ina injini ya dizeli ya silinda nne, nguvu za farasi 130, na pampu ya dizeli inayoendeshwa kwa gia. Haina kompyuta wala sensa. Ikigoma, fundi anaanza na filta, anatoa hewa kwenye mabomba, anafungua nozeli zinazopulizia dizeli kwenye silinda na kuzipeleka kupimwa mjini. Mtambo mpya ukigoma porini, mara nyingi unasubiri mtu mwenye kompyuta na programu ya kampuni. Tena injini za kisasa kabisa zinazouzwa Marekani zimeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 15 kwa milioni, ilhali kiwango ambacho nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kukitumia mwaka 2015, ambacho kilikuwa hatua kubwa, kiliruhusu hadi 50. Ongeza dizeli ya pipa lililokaa juani wiki nzima, uone kama vichujio vya moshi vya injini hizo vitadumu.

Lakini watetezi hao hao huwa kimya wakiulizwa kuhusu cheni. Mtu ananunua loda kuukuu kwa sababu injini inaita vizuri, akasahau kuinama atazame pini na bushi zinazounganisha cheni, rola zinazoibeba, na meno ya sproketi, gurudumu linaloizungusha. Kwenye mitambo ya cheni, sehemu hiyo ya chini inaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo. Na loda huumia kuliko buldoza, maana kazi yake ni kwenda mbele, kurudi nyuma na kugeuka palepale, kutwa nzima. Bushi zikilika upande mmoja, zinatakiwa kuzungushwa nusu duara ili upande mzima ushike kazi. Mwenye mtambo akiahirisha mpaka sproketi nayo ikawa na meno makali, amepoteza vyote viwili. Kosa jingine ni kukaza cheni kupita kiasi ili isichomoke. Cheni iliyokazwa hivyo inasagika haraka na kula nguvu ya injini bure.

Wanaopinga mashine kuukuu hupenda kutaja Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga uliolenga zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo ikanunuliwa mitambo iliyotumika ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikabadilishwa kuwa matrekta. Mibuyu iliishinda mitambo, udongo mkali wa Kongwa ukatafuna majembe, na sehemu kubwa ya matrekta ikalala kwa kukosa spea na mafundi. Mwaka 1951 mpango ukafutwa. Ni ushahidi mzito, ila nausoma tofauti. Mvua za Kongwa zisingetosha karanga hata kwa matrekta mapya. Na mitambo ile ilikufa kwa sababu ilitangulia kufika kabla ya karakana, ikiwa ya aina nyingi zisizoingiliana spea. Mwenye loda moja kuukuu, anayeijua na mwenye stoo ya spea zake, hayuko kwenye shimo hilo. Aliyeleta mitambo mitatu ya makampuni matatu kwa kuwa bei ilikuwa ya kutupa, huyo yumo.

Jambo linaloniuma zaidi ni opereta. Loda hizi za zamani zinageuzwa kwa klachi za pembeni, moja kwa kila cheni: ukitaka kwenda kushoto, unakata klachi ya kushoto ili cheni yake isipate nguvu ya injini, na cheni ya kulia inakusukuma. Kwenye mteremko mkali mambo yanageuka. Uzito ndio unaosukuma mtambo, na injini ndiyo inayouzuia. Ukikata klachi ya kushoto bila kukanyaga breki yake, cheni ya kushoto inakimbia huru na mtambo unakwenda kulia. Kijana aliyefundishwa kwenye uwanja tambarare anaweza kulijua hilo akiwa ukingoni mwa korongo.

Na mingi ya mitambo hii haina fremu ya chuma ya kumlinda opereta ikipinduka. Marekani ililazimisha fremu hizo kwa mitambo mipya ya ujenzi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Iliyotengenezwa kabla ya hapo, au iliyokatwa kibanda ili opereta apate hewa, imebaki na kiti na turubai. Mwenye mtambo analipwa kwa saa za kazi. Opereta analipwa kwa siku, na mara nyingi hajasajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ingawa sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri amsajili. Kwa hesabu hiyo, unafuu wote wa mashine ya zamani unakwenda kwa mmoja na hatari yote kwa mwingine.

Ndiyo maana sharti langu ni kwamba fedha iliyookolewa kwa kutonunua mtambo mpya irudi kwanza kwa anayekaa kitini: fremu iliyotengenezwa kwa viwango, si mabomba ya kuchomelea uani, mkanda, vizuia kelele vya masikio, breki zinazoshika pande zote mbili, na chuma cha kuzuia mikono ya baketi isishuke fundi akiwa chini yake. Baada ya hapo ndipo zije rangi na betri mpya. Kama fedha ya hayo haipo, loda ifanye kazi tambarare tu, na tenda ya mlimani ikataliwe hata ikiwa inalipa mara mbili.