RAM ni RAM

Wiki tatu nzima nilikuwa mtu wa kukwepwa. Ukinisalimia, nakujibu kwa wati. Nilikuwa napanga kuunda kompyuta ya gemu ya bajeti ya kati, ile isiyo ya kitajiri lakini haigandi kila adui anapochomoza, na daftari langu lilijaa namba kuliko la mhasibu. Prosesa: Ryzen 5 7600, kori 6, wati 65. Madabodi, ule ubao mkuu wa kuunganishia vipande vyote: B650, soketi (kitako cha prosesa) ya AM5. Kadi ya michoro: RTX 4060, wati 115. Pawa saplai ya wati 650, ili siku nikibadilisha kadi nisianze kupiga hesabu upya.

Kadi ndiyo iliyomeza fungu kubwa, na ndivyo inavyotakiwa; anayenunua prosesa ya kifahari akabana kwenye kadi amevaa suti juu, miguu peku. Ila pesa ikakata kabla ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Hapo akili yangu, ambayo hunijia nisipoihitaji, ikanikumbusha kwamba kompyuta yangu ya zamani ina RAM mbili za GB 8, nzima kabisa.

"Kaka, zile si DDR4?" mdogo wangu akauliza.

"RAM ni RAM," nikamjibu kwa sauti ya msomi. Na kusoma nilisoma kweli: DDR4, kizazi cha nne cha RAM hizi, ina pini 288, na DDR5, kizazi cha tano, nayo pini 288. Sasa kesi iko wapi?

Kesi ilikuwa kwenye mkato. Kila RAM ina mkato mdogo kwenye ule ukingo wa pini, na sloti ina kijino kinachokaa humo. Wa DDR4 na wa DDR5 umepishana milimita chache tu, lakini milimita hizo hazina huruma. Nikaweka RAM, ikagoma. Nikaigeuza, ikagoma. Nikaigeuza tena, kana kwamba ina upande wa tatu. Mwishowe nikasimama, nikakandamiza kwa vidole gumba vyote viwili mpaka madabodi ikaanza kubonyea katikati, na jasho likanidondoka karibu kabisa na prosesa.

"Kaka," mdogo wangu akasema taratibu, "hicho kijino kimewekwa kwa ajili ya watu kama wewe."

AM5 haipokei DDR4 kabisa. Jambo hilo limeandikwa kila mahali isipokuwa kwenye daftari langu.

Mwezi mzima kompyuta ikakaa mezani bila kumbukumbu, nami nikawa naifuta vumbi tu. Hatimaye nikapata DDR5, mbili za GB 16. Zikaingia: ta! Nikawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi tii. Kwenye madabodi kijitaa cha DRAM, yaani cha RAM, kikaniangalia.

Nikasubiri sekunde 30, ambao ndio uvumilivu wangu wote. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Nikafungua kila kitu, nikafunga upya, skrubu moja ikabaki mkononi (mpaka leo sijui ya wapi), nikawasha. Giza.

Nikashika simu, nikamwandikia muuzaji ujumbe mrefu wenye hasira, ulioishia kwa maneno "mmeniuzia mzoga". Nikautuma. Nainua macho, skrini inang'aa: GB 32, prosesa imetambuliwa, kila kitu salama.

Kumbe mashine za AM5, zikiwekewa RAM mpya, huanza kwa kuijaribu na kuizoea, na kazi hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa giza. Kila nilipozima, nilikuwa namrudisha mwanafunzi darasa la kwanza. Maelezo yote yamo kwenye kijitabu cha madabodi, kile nilichokuwa nimekitumia kuinulia skrini.

Simu ikalia. Muuzaji: "Pole sana ndugu. Tutumie picha ya skrini tuone tatizo."

Mdogo wangu akachungulia juu ya bega langu.

"Mtumie tu, kaka. Skrini ni skrini."