Usimfungie Mtoto Mpira kwa Sababu ya Alama

Muhula mmoja mwanangu alileta ripoti iliyonikata maini. Hisabati chini, ufahamu chini zaidi. Nikafanya kile nilichofanyiwa mimi utotoni: mpira ukafungiwa kabatini mpaka alama zipande. Hazikupanda. Nilichovuna ni mtoto anayekaa mbele ya daftari saa mbili nzima akichora viduara pembeni mwa ukurasa, na kila kiduara, ukikitazama vizuri, ni mpira.

Kilichonizindua ni msimamo wa ligi. Nilimkuta ameuandika mwenyewe kwa penseli, timu kwa timu, pointi na tofauti ya mabao. Timu iliyofunga 9 na kufungwa 14 ameiwekea -5, bila kukosea. Namba hasi! Zile zile zilizompa sifuri kwenye mtihani. Mtoto niliyekuwa namwita mzito wa hesabu alikuwa anazifanya kwa hiari yake, ila mimi sikuziita hesabu kwa kuwa zilinuka majani ya uwanjani.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwasomesha wanafunzi wa darasa la saba na la nane maelezo ya mchezo wa besiboli, kisha wakawataka waonyeshe yaliyotokea kwa kusogeza vijisanamu kwenye uwanja wa mfano. Wasomaji dhaifu walioijua besiboli waliwapita wasomaji hodari wasioijua. Kwa hiyo anayekwama kwenye ufahamu huenda tatizo lake si kusoma tu. Huenda hayajui yale yanayozungumzwa. Wala sidai kwamba mpira utamfundisha kila kitu. Mpe mtoto huyo huyo habari ya mvuke na mawingu, atakwama tena, na hapo hakuna njia ya mkato: afundishwe mawingu. Lakini atakuja kwenye mawingu akiwa anajua kwamba kusoma anakuweza.

Basi nikaurudisha mpira. Nikaurudisha vibaya, nikiri. Kwa furaha ya mzazi aliyetubu nikatangaza zawadi kwa kila bao. Wiki mbili hazikuisha, akaacha kuwapasia wenzake. Akitoka uwanjani swali la kwanza ni zawadi, la pili ni zawadi.

Laiti ningejua mapema kuhusu utafiti wa Mark Lepper na wenzake wa mwaka 1973. Walichukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi, baadhi wakaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Siku kadhaa baadaye kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hawakupoteza hamu. Kinachoharibu, naona, ni kule kumgeuzia mtoto kuwa kazi ya mshahara kitu alichokuwa akikifanya kwa raha yake.

Shule nazo zina lao. Mtihani ukikaribia, kipindi cha kwanza kuliwa ni cha michezo, kinafuata cha muziki na sanaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 29, unataja haiba ya mtoto, vipaji vyake na uwezo wake wa akili na mwili katika sentensi moja. Haukusema vipaji visubiri akili imalize. Wala sidhani mwalimu anahitaji bajeti mpya kumwachia mwanafunzi achague mwenyewe mada ya insha moja kwa muhula. (Najua, kusahihisha insha arobaini za mada arobaini si mchezo. Ila kusahihisha arobaini zinazofanana nako ni adhabu.)

Wapo wazazi wanaoniambia mtoto wao hapendi chochote. Mara nyingi ukiuliza zaidi, anapenda kitu ambacho wao hawakipendi.

Wangu mwaka huu ameuacha mpira ulale chini ya kitanda wiki nzima. Ulimi uliniwasha kumwambia asiwe mtu wa kuanza na kuacha, nikaumeza. Sasa ni ndege. Ana daftari la rangi za mabawa na saa alizowaona. Jana usiku aliniuliza kwa nini popo hahesabiwi ndege na anaruka, nikaanza kujibu, nikagundua nababaisha. Tukaenda kutafuta pamoja. Alisoma yeye.